Saa Mbili kwa Siku: Namna ya Kumfundisha Mtoto Nyumbani Shule Zikifungwa kwa Ugonjwa

Jumanne ya tarehe 17 Machi 2020, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari kwa siku 30 kwa sababu ya korona. Siku 30 zikawa 104. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, wengine wote tarehe 29 Juni. Na sisi Tanzania tulikuwa na nafuu: wenzetu wa Kenya, watoto wengi hawakuonana na mwalimu hadi tarehe 4 Januari 2021, na Uganda wapo watoto waliokaa nyumbani karibu miaka miwili, hadi tarehe 10 Januari 2022.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili hapa Dar es Salaam, na ni mama wa watoto watatu. Katika siku zile 104 nilikuwa mzazi kama mzazi mwingine yeyote, nina watoto ndani, nina sufuria jikoni, na kila jioni mtu ananiuliza, "Mama, shule lini?" Ninayoyaandika hapa niliyajaribu nyumbani kwangu, mengine nikayaona kwa majirani, na mengine niliyaelewa tuliporudi, nilipokaa na watoto 70 na zaidi mbele yangu nikaona nani amebaki na nini. Kipindupindu, Ebola, Marburg, mafuriko: shule zinaweza kufungwa tena, tena bila taarifa. Basi uwe nayo hii.

Kabla ya yote, nataka tuelewane jambo moja. Kumshughulisha mtoto si kazi ngumu hivyo. Mtoto akiachwa na kamba na kopo atajishughulisha mwenyewe hadi magharibi. Kinachopotea shule zikifungwa ni kusoma, na kinapotea haraka zaidi kwa yule aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza, wa darasa la kwanza hadi la tatu. Historia na uraia vinaweza kusubiri. Ukiwa na nguvu ya kufanya jambo moja tu kwa siku, basi liwe mtoto kusoma kwa sauti mbele ya mtu anayemsikiliza.

Hatua ya 1: Mwambie ukweli, kwa maneno machache

Mtoto anasikia kila kitu. Anasikia redio, anasikia watu wazima wakinong'ona kwenye baraza, na asichokielewa anajijazia mwenyewe. Mwanangu mdogo, wakati ule wa chekechea, aliamini kwamba shule imefungwa kwa sababu mwalimu wake amekufa. Alikaa na jambo hilo siku tatu bila kusema, hadi dada yake alipomkuta analia chooni.

Kaa naye chini. Mwambie kuna ugonjwa unaoambukiza, shule imefungwa ili watu wengi wasikusanyike mahali pamoja, mwalimu yupo kwake na wenzake wapo kwao. Mwambie kazi yake ni ipi: kunawa mikono kwa sabuni, sekunde 20, akirudi kutoka nje na kabla ya kula. Muulize ana swali gani. Kama hujui jibu, mwambie hujui. Usimwambie tarehe ya kurudi shule hata kama imetangazwa, kwa kuwa tarehe hizo husogezwa, na mtoto hatakuamini mara ya pili.

Hatua ya 2: Jua mtoto amefikia wapi

Wazazi wengi wanaruka hatua hii. Wanakwenda moja kwa moja kununua madaftari. Lakini utamfundisha nini kama hujui anachokijua?

Tenga jioni moja kwa kila mtoto, peke yenu, bila ndugu zake kumcheka. Mpe kitabu cha darasa lake, au cha darasa lililo chini yake, umwambie asome ukurasa mmoja kwa sauti. Wewe sikiliza tu, usimkatize. Kisha muulize: umesoma habari gani? Mwandikishe imla ya sentensi mbili. Mpe hesabu tano: mbili za kujumlisha, mbili za kutoa, moja ya kuzidisha kama ameshaifikia. Andika tarehe juu ya ukurasa, uhifadhi. Daftari hilo utalihitaji mwishoni.

Mimi nilichelewa kufanya hivi kwa mwanangu wa pili, aliyekuwa darasa la pili, kwa sababu nilijua anasoma. Nilikuwa nimemsikia mwenyewe mwezi Februari. Wiki ya tano ya kufungwa nikampa hadithi ya ng'ombe na mfugaji. Akasoma vizuri mstari wa kwanza, akafika kwenye "ng'ombe", akasimama. Akaweka kidole chini ya neno. Akasema "ngo...", akarudi, akasema "ngombe", kama mtu anayesoma "ngoma". Akaniangalia usoni aone kama amepatia. Nikamwonyesha "ng'aa", "ng'oa", "king'ora". Yote akayasoma kwa "ng" ya "ngazi". Ile alama ndogo ya juu haikumwambia kitu tena. Wiki tano tu. Nikajua kwamba kama ya "ng'" imekwenda, "mb", "nj", "ny" na "mw" zipo njiani.

Ukigundua hivyo, usimpigie kelele na usimlinganishe na mwenzake. Rudi nyuma hadi mahali anapopaweza, uanzie hapo, hata kama ni "ba be bi bo bu". Mtaala wetu wa darasa la kwanza na la pili tangu 2015 umejengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa sababu hiyo hiyo: mtoto asiyesoma hawezi kujifunza somo jingine lolote.

Hatua ya 3: Tenga saa mbili, na usiigeuze nyumba kuwa shule

Wiki ya kwanza nilibandika ratiba ukutani. Vipindi saba, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane, na mapumziko ya dakika 20. Nilidhani kwa kuwa ni mwalimu nitaweza. Siku ya nne mkubwa alikuwa hasemi na mimi, wa kati analala juu ya daftari, na mimi nimechoka kuliko ninavyochoka na darasa zima. Nikaibandua.

Shuleni kipindi cha dakika 30 au 40 kina watoto wengi. Mwalimu anasahihisha, ananyamazisha, anasubiri. Nyumbani uko na mmoja au watatu. Saa mbili za kazi ya kweli zinatosha kabisa kwa mtoto wa msingi, na kwa wa chekechea hata nusu saa ni nyingi.

Usipange kwa saa ya ukutani. Panga kwa mambo ambayo nyumba yako inayafanya kila siku bila kukosa. Kwangu ilikuwa hivi: baada ya chai na kufagia uwanja, kusoma na kuandika, saa moja. Baada ya chakula cha mchana jua likiwa kali, hesabu na kazi ya mikono, saa moja. Kati ya hapo wacheze. Usiku kabla ya kulala, hadithi au vitendawili. Ukisema "baada ya chai", mtoto hahitaji kukumbushwa. Akimaliza kikombe anafuata daftari.

Kama unatoka kwenda kutafuta riziki, na wengi wetu tulikuwa tunatoka hata wakati wa korona, ile saa moja ya kusoma asubuhi inakuwa dakika 20 kabla hujatoka, na nyingine unaifanya jioni. Acha kazi iliyoandikwa: kurasa mbili za kunakili, hesabu sita, jambo moja la kumwuliza bibi. Ukirudi, isahihishe siku hiyo hiyo. Kazi isiyosahihishwa mara tatu, mara ya nne haifanywi.

Hatua ya 4: Kusoma kila siku, hata kama hamna kitabu

Nenda hivi. Dakika tano za kwanza, silabi au maneno yanayomsumbua, uyaandike kwa chaki mlangoni au kwa mkaa sakafuni. Dakika 15 asome kwa sauti, wewe umekaa kando yake, mnaona ukurasa mmoja. Akikwama, hesabu kimyakimya hadi tano kabla ya kumsaidia. Mara nyingi atajikwamua. Mkimaliza, akusimulie alichosoma kwa maneno yake. Kisha aandike sentensi tatu zinazotokana na hiyo habari.

"Mwalimu, sisi hatuna vitabu," jirani yangu aliniambia. Nikaingia kwake tukaanza kutafuta maandishi. Tulipata mfuko wa unga, kopo la maziwa ya unga, kalenda ya ukutani, gazeti lililofungiwa vitumbua, karatasi ya dawa ya malaria, na kanga. Kanga zilikuwa saba! Tukamwita binti yake wa darasa la tatu, tukaitandaza moja kitandani, akasoma: "JAPO SIPATI TAMAA SIKATI." Alisoma polepole kwa sababu ni herufi kubwa tupu, na shuleni amezoea ndogo. Mama yake akamwuliza maana yake nini. Akafikiri. Akasema, "Ni kama sisi tunavyosubiri shule." Kanga ile wakaiandika kwenye daftari, na maelezo yake chini. Siku ya pili kanga ya pili. Zilipoisha za mama wakaenda kwa bibi. (Zipo kanga ambazo maneno yake si ya watoto. Zipitie kwanza wewe.)

Namba za kusoma zipo pia. Umeme wa LUKU ukinunuliwa zinakuja tarakimu 20. Mwachie mtoto akusomee nnenne wewe ukibonyeza kwenye mita, kisha mbadilishane. Akikosea moja umeme hauingii, kwa hiyo anajifunza umakini bila kuhubiriwa.

Kwa mwenye simu janja, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na African Storybook ina hadithi fupi za bure za Kiswahili zenye picha, zimepangwa kwa ngazi kuanzia neno moja kwa ukurasa. Zipakue siku yenye kifurushi, zisomwe wiki nzima.

Na mzazi asiyejua kusoma? Anaweza, tena vizuri sana. Mtoto aweke kidole chini ya kila neno anapolisoma. Mzazi asikilize kama yanayosomwa yana maana, kama ni Kiswahili cha watu. Mtoto anayebuni utamjua: kidole kinakwenda huku, maneno yanakwenda kule. Mwambie, "Rudia hapo mwanangu, sikuelewa." Hayo maneno manne ndiyo ualimu wenyewe. Bibi mmoja wa mtaani kwetu alimsikiliza mjukuu wake hivyo kila jioni hadi shule zikafunguliwa, na yule mtoto alirudi anasoma kuliko alivyoondoka.

Hatua ya 5: Hesabu ziko uwanjani na jikoni

Anza na mdako. Wengi wetu tumeucheza bila kujua ni somo. Chimba kishimo kidogo au chora duara, tia mawe 12. Mchezaji anarusha jiwe lake juu, anayatoa mawe shimoni, analidaka lile la juu kabla halijaanguka. Anarusha tena, anayarudisha shimoni na kubakisha moja nje, analichukua. Hivyo hadi yaishe moja moja. Raundi ya pili ni mbili mbili. Kisha tatu tatu, nne nne, tano tano.

Sasa mwambie aandike kila raundi: amerusha mara ngapi, yamebaki mangapi. Mawe 12 kwa mbili mbili ni mara sita, hakuna baki. Tatu tatu, mara nne. Nne nne, mara tatu. Tano tano, mara mbili, na mawili yamebaki. Huko ndiko kugawanya kwa baki kunakowasumbua watoto wa darasa la tatu na la nne kwa muhula mzima. Binti yangu mkubwa aliongeza jiwe moja ili mchezo uwe mgumu, yakawa 13. Mbili mbili, baki moja. Tatu tatu, baki moja. Nne nne, baki moja. Tano tano, baki tatu. Sita sita, baki moja. Akatupa mawe, akaja jikoni amekasirika: "Mama, kumi na tatu haigawanyiki, ina nini?" Nikaacha mchicha niliokuwa nauchambua. Nikamwambia inaitwa namba tasa, arudi akazitafute nyingine. Alikuwa na orodha hadi 31 ilipofika saa kumi jioni, mikono yote vumbi. Sikumbuki lini nimefurahi hivyo nikifundisha darasani.

Bao nalo usiliache. Lina mashimo 32 na kete 64, na mtoto anayelicheza analazimika kuhesabu kichwani kete zitaishia shimo lipi kabla hajazigusa. Kama hamna bao, chimbeni mchangani, tumieni mbegu za komwe, vizibo vya soda au kokoto.

Wenye genge au biashara ya barazani mna darasa tayari. Nyanya 45, fungu ni nyanya tano kwa shilingi 500: mafungu mangapi, jumla shilingi ngapi? Mlizinunua kwa 3,000, faida ni kiasi gani? Nyanya sita zimeoza, sasa je? Mpe mtoto daftari la mauzo aliandike yeye, tarehe, bidhaa, kiasi, chenji iliyotoka. Mkiangalia usiku kama pesa mkononi inalingana na daftari, huyo amefanya hesabu na mwandiko kwa pamoja. Ila awe anauza na mtu mzima kando yake, na saa zake mbili za kusoma zisiliwe na genge.

Mdogo wa chekechea ahesabu vijiko, achambue mchele, apange viatu viwili viwili. Yatosha.

Hatua ya 6: Redio, runinga na simu

Vinasaidia, lakini mtoto akiachwa peke yake mbele yake anaangalia tu. Ubongo Kids, vipindi vinavyotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam na kurushwa tangu 2014, vina hesabu na sayansi ndani ya nyimbo na visa. Kwa wadogo kuna Akili and Me. Kaa nao angalau mwanzo na mwisho. Kipindi kikiisha waulize: kulikuwa na tatizo gani? Walilitatuaje? Tunaweza kulifanya hapa kwetu? Kipindi kimoja chenye maswali hayo kinazidi vitano vya kuangalia tu.

Kuhusu simu, niseme wazi. Walimu tulituma kazi kwenye makundi ya WhatsApp, tukadhani tumefundisha. Jirani yangu ana watoto wanne na simu moja, nayo inaondoka na baba saa 11 alfajiri kwenda kibaruani. Inarudi saa mbili usiku, chaji imebaki kidogo, na picha za kurasa 12 zinasubiri kufunguka. Wakaamua hivi: usiku mkubwa anafungua picha na kunakili maswali yote kwenye daftari, ya kwake na ya wadogo zake. Asubuhi wanafanya. Jioni baba anapiga picha ya majibu, anatuma. Ilikwenda. Mwalimu unayesoma hapa, tuma maswali matano yaliyoandikwa kwa maneno, usitume picha 12.

Mwenye kitochi anaweza kumpigia mwalimu mara moja kwa wiki, dakika tano, mtoto asome aya moja mwalimu akisikia. Hakuna mwalimu atakayekukatalia. Mimi zile simu zilinipa nguvu.

Hatua ya 7: Kazi ya mikono yenye faida

Kila wiki moja tu, ila imalizike. Nitaeleza ya kibuyu chirizi kwa sababu wakati wa mlipuko inatumika siku hiyo hiyo.

Tafuteni dumu la lita tano lenye mkono, lililooshwa vizuri. Mtu mzima apashe msumari moto, atoboe tundu moja dogo ubavuni, upande usio na mkono, kama upana wa kiganja chini ya mfuniko. Simikeni miti miwili yenye panda, wekeni mti wa kulala juu yake, upitishwe kwenye mkono wa dumu ili dumu liweze kuinama. Fungeni kamba shingoni mwa dumu, iteremke hadi kwenye kijiti kilicholala chini, ncha yake moja ikigusa ardhi. Jazeni maji yasifike kwenye tundu. Mtoto akikanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachuruzika, akiachia, linarudi. Hakuna aliyeshika kitu kwa mikono michafu. Kipande cha sabuni kitobolewe kitundikwe kwa kamba kando.

Halafu muulize, lita tano zimenawisha watu wangapi? Ahesabu siku nzima kwa kuchora mistari ukutani. Tundu likiwa kubwa zaidi ingekuwaje? Na aandike maelezo ya kulitengeneza, hatua kwa hatua, jirani asome ajenge la kwake. Hiyo ni insha.

Ya pili ninayoipenda ni mchicha kwenye ndoo iliyopasuka au kiroba. Unaota ndani ya siku chache na kuchumwa ndani ya mwezi mmoja hivi, kwa hiyo mtoto hachoki kungoja. Kila baada ya siku tatu apime mche mmoja kwa rula, aandike. Mche mwingine auweke kivulini, alinganishe. Na mboga mtakula.

Hatua ya 8: Wakubwa

Wa darasa la saba na sekondari wanajua kusoma. Shida yao ni moyo. Mtihani upo mbele, hawajui lini. Usiwakalie kooni. Mpe mitihani ya miaka iliyopita, aifanye kwa muda kamili wa mtihani, mara moja kwa wiki, kisha siku zinazofuata arudie yale aliyokosa tu. Apate mwenzake mmoja wa kuulizana kwa simu. Na mpe wadogo zake awafundishe dakika 20 kila siku, si kama adhabu, na mshukuru mbele yao. Anayefundisha mada anaielewa kuliko alivyoielewa kwa tuisheni.

Hatua ya 9: Binti asigeuzwe yaya, na kila mtoto awe salama

Hapa nitasema kwa uchungu. Shule zikifungwa, mtoto wa kiume anaambiwa akasome au akacheze. Wa kike anakabidhiwa mdogo mgongoni, ndoo mkononi na jiko. Inapofika jioni daftari lake halijafunguliwa. Tulipofungua tena, kuna viti vya wasichana vilivyobaki wazi, na si kwa ugonjwa. Gaweni kazi za nyumbani kwa watoto wote, wa kiume na wa kike, muziandike kwenye karatasi. Saa zake mbili za masomo zisiguswe hata kama kuna vyombo.

Jueni watoto wako wapi na nani, hasa mnapokuwa kazini. Usimwache kwa mtu ambaye mtoto mwenyewe anasitasita kwenda kwake, msikilize. Mtoto anayeanza kunyamaza, kukojoa kitandani upya au kuogopa mtu fulani anakwambia jambo. Namba 116 ni ya bure, ni huduma ya simu kwa mtoto, na wewe au mtoto mwenyewe mnaweza kupiga.

Hatua ya 10: Siku ya kurudi

Wiki moja kabla, warudishe kwenye usingizi wa mapema. Jaribu sare na viatu mapema pia, wamekua. Rudia kile kipimo cha Hatua ya 2, kwenye daftari lile lile, uweke tarehe mpya. Kisha mwandikie mwalimu kikaratasi: anasoma vizuri hadi wapi, anakwama wapi, nyumbani kulitokea nini. Kama mtoto amefiwa, mwalimu lazima ajue kabla hajamuuliza kazi ya nyumbani.

Tarehe 29 Juni, Jumatatu, nilisimama mlangoni mwa darasa langu. Baba mmoja, dereva wa bajaji, alinipa daftari lililokunjwa katikati ya mfuko wa nailoni. Ukurasa wa kwanza: tarehe, na maneno aliyoyaandika baba kwa mwandiko wake mkubwa, "baba, kaka, nyanya". Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa mtoto, mistari minane kuhusu bajaji iliyoharibika mvuani. Chini yake baba ameandika kwa kalamu nyekundu, kama tunavyofanya sisi: "Anakosea mw na mb. Nimejaribu." Nikamkalisha yule mtoto dawati la mbele, na siku hiyo nilianza na "mw" na "mb".